Sura ya Kumi na Tatu

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Katika vigango vyote vya Jimbo la Mbulu, kuanzia huku Karatu na Endabash hadi Katesh chini ya mlima Hanang, Injili ya siku ilikuwa moja: Marko sura ya 13, pale Bwana anapowaambia wanafunzi wakeshe, maana hawajui mwenye nyumba atarudi saa ngapi. Sisi tuliisikiliza tukiwa tumekaa kwenye mabenchi yetu makavu. Katesh na Gendabi, wakati watu wangekuwa wanatafuta nguo za misa, mlima ulikuwa umeshashuka. Tope, mawe na magogo yaliyong'olewa msituni vilipita katikati ya nyumba na maduka, na hesabu ya waliokufa ilipokuja kufungwa ilikuwa imevuka watu 80.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu wa hesabu, Mlutheri wa siku nyingi, mtu asiyependa makelele. Mtoto wa dada yake alikuwa na kibanda karibu na soko la Katesh. Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta barazani na daftari la hesabu, lile la miraba, na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu. Katika kila mraba alikuwa ameweka tarakimu moja ya tarehe: 3, 1, 2, 2, 0, 2, 3. Chini yake, kwa wino mwekundu, jumla: 13.

"Jumapili mlisoma nini huko kwenu?" aliniuliza hata sijakaa vizuri.

"Marko 13, mwalimu."

Akaigonga ile jumla kwa ncha ya kalamu, asiseme neno.

Nilimwambia, kwa adabu, kwamba tarehe moja haitoshi kuwa ushahidi. "Basi taja nyingine," akasema. Nikamtajia tetemeko la Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, lile lililoangusha nyumba na kupasua shule Bukoba. Akajumlisha: 19. Akafunua Wafalme wa Kwanza sura ya 19, Eliya juu ya Horebu, na upepo, na tetemeko, na moto. Nikataja tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyotoka Sumatra ikavuka Bahari ya Hindi nzima na kuua watu Somalia na hata Dar es Salaam. Ikaja 17, naye akaenda Luka 17, siku za Nuhu, gharika. Mwisho nikataja la jirani zaidi: tetemeko la tarehe 17 Julai 2007 upande wa Ziwa Natron, majuma machache kabla Oldoinyo Lengai haujalipuka, lililotikisa hadi ghorofa za Nairobi. Jumla 24. Mathayo 24, matetemeko ya nchi mahali mahali. Nikaacha kutaja tarehe. Nywele za mikono zilikuwa zimenisimama, na sioni aibu kusema hivyo. Asiyesisimka mbele ya jambo la namna ile hajawahi kulala macho akisikiliza mvua ya usiku.

Ila kusisimka ni jambo moja na kusadiki ni jingine. Usiku ule nilichukua Biblia nikahesabu. Katika Biblia ya vitabu 66 anayotumia mwalimu, vitabu 32 vina sura ya 13. Hii yangu ya vitabu 73 inavyo zaidi. Ezekieli 13 ina mvua ya mafuriko na ukuta unaoanguka. Isaya 13 ina nchi inayotikiswa itoke mahali pake. Ufunuo 13 ina mnyama na namba yake, ile ambayo kila kizazi kimeibandika kwenye paji la uso la adui wake. Mtu aliyepewa sura zaidi ya 30 za kuchagua, akiwa na msiba mkononi wa kuulinganisha nazo, atakosaje? Tena Maandiko hayo yalitungwa na watu walioishi juu ya ardhi isiyotulia. Bonde la Yordani na Bahari ya Chumvi viko juu ya mfululizo wa nyufa za dunia unaoshuka na Bahari ya Shamu hadi huku kwetu, ulikochimba Manyara na Eyasi. Manabii walijua kutikiswa. Amosi anafungua kitabu chake kwa kusema alipata maono miaka miwili kabla ya tetemeko, siku za mfalme Uzia, na hatoi maelezo zaidi, kama sisi tunavyosema tu "mwaka wa Elnino" na kila mtu akajua.

Halafu kuna jambo ambalo mwalimu, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, nilidhani lingemsumbua. Amosi hakuandika sura wala Marko hakuandika sura. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za aya za Agano Jipya zilitiwa na mchapaji wa Kifaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Na kalenda iliyotupatia hiyo tarehe 3 Desemba ilirekebishwa na Papa Gregori wa 13 mwaka 1582. Ndiyo, karne ya 13, na Papa wa 13. Hata nikitaka kuikimbia namba hii inanifuata.

Lakini siku ile ile, kwa Waislamu wa Karatu mjini, ulikuwa mwaka 1445. Kwa Wahabeshi ulikuwa mwaka 2016. Na saa? Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa kumi na mbili yetu ya asubuhi ni saa sita ya Wazungu. Ikiwa Mungu ameficha ujumbe katika namba za siku, lazima kwanza tukubaliane alitumia saa ya nani na kalenda ya nani, na mwishoni tutajikuta tumemfanya mwenyeji wa Roma ya karne ya 16.

Tamaa hii si ya Endabash peke yake, wala si ya wasio na elimu. Mwaka 1994 mtaalamu mkubwa wa hisabati wa Israeli, Eliyahu Rips, pamoja na Doron Witztum na Yoav Rosenberg, walichapisha katika jarida la takwimu la kuheshimika makala iliyosema kwamba katika kitabu cha Mwanzo kwa Kiebrania, ukiruka herufi kwa idadi iliyo sawa, yanatokea majina ya marabi mashuhuri karibu na tarehe zao. Mwaka 1997 mwandishi wa habari wa Marekani, Michael Drosnin, alilichukua jambo hilo na kulifanya kitabu kilichouzwa dunia nzima, chenye mauaji ya viongozi, vita na matetemeko ya nchi. Torati ya Kiebrania ina herufi 304,805, zote konsonanti, irabu anatia msomaji. Katika bahari kubwa namna hiyo samaki hawakosekani. Drosnin aliwachokoza wapinzani wake wamwonyeshe mauaji ya waziri mkuu yaliyofichwa ndani ya Moby-Dick, riwaya ya kuwinda nyangumi. Brendan McKay, mwanahisabati wa Australia, akamwonyesha, si ya kiongozi mmoja tu. Mwaka 1999 yeye na wenzake watatu wakaichambua ile makala ya kwanza katika jarida lile lile, na kuonyesha kwamba nguvu yake yote ilitokana na uhuru wa kuchagua majina na namna ya kuyaandika. Uhuru wa kuchagua: ndio ule ule wa sura 32.

Pwani wana njia yao ya zamani zaidi. Abjadi huipa kila herufi ya Kiarabu thamani yake, alif moja, be mbili, na ndiyo maana namba 786 huandikwa juu ya barua na milango kumaanisha Bismillahi. Walimu wa falaki wameitumia kwa karne nyingi kutafuta siku njema ya safari na ya ndoa. Siwacheki. Kwa mtu anayepandisha tanga kesho alfajiri, kutafuta siku njema ni njia ya kumkumbuka Mwenye siku.

Nataka kuonyesha jinsi mnyororo wa namna hii unavyosukwa, na nitausuka kwa mambo ya kweli matupu. Mwaka 2011, mwezi Machi, maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kupokea kikombe cha mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyesema Mungu alimwonyesha dawa katika ndoto. Kikombe shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na wengine walikata roho kabla ya kukifikia. Mwezi huo huo, tarehe 11, bahari ilipanda juu ya nchi kavu Japani. Wakati huo Harold Camping, mhubiri wa redio huko Marekani, alikuwa ametangaza kwamba tarehe 21 Mei ingekuwa siku ya hukumu: miaka 7,000 kamili tangu gharika ya Nuhu, kwa hesabu zake, na tetemeko lingezunguka dunia nchi baada ya nchi, kila mahali saa kumi na mbili jioni kwa saa za pale. Na tarehe 20 Mei, siku moja kabla, alifariki Dar es Salaam mnajimu mashuhuri kuliko wote nchini, Sheikh Yahya Hussein.

Unaona? Mponyaji anatokea nyikani, bahari inavuka mpaka wake, mnajimu ananyamazishwa mkesha wa siku ya mwisho. Kila kipande ni kweli. Uzi uliovishona ni wangu, nimeutoa mfukoni. Tarehe 21 Mei jua lilizama Ngorongoro kama kawaida, watu wakachunga, wakakamua. Camping alisogeza siku hadi tarehe 21 Oktoba, nayo ikapita, na mwaka uliofuata alikiri kwamba kuweka tarehe ilikuwa dhambi. Namheshimu kwa hilo. Wengi hubadilisha hesabu tu. Zamani mhubiri wa Marekani, William Miller, na wafuasi wake waliingoja tarehe 22 Oktoba 1844 kwa kuhesabu siku 2,300 za Danieli, na asubuhi ya pili wakaamka na dunia ile ile. Miongoni mwa waliolia asubuhi hiyo wametoka wazazi wa imani wa Wasabato tulio nao leo, watu waungwana, watulivu, ambao siku zao zote hawapangi tarehe. Lakini kuna walioenda njia nyingine. Kanungu, Uganda, mwaka 2000, ambako waumini waliteketea kanisani. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ambako makaburi ya msituni yalitoa zaidi ya miili 400. Sitakaa hapo, nilitaka tu isionekane kwamba hesabu za barazani ni mchezo ambao daima unaishia barazani.

Kabla ya Biblia kufika, Wairaqw walikuwa na namna yao ya kusoma maafa. Juu kuna Looa, mama, aliye jua na wema. Chini, katika chemchemi na mito, kuna neetlaangw, roho wa maji wenye kijicho. Mvua ikikataa, au ikija kwa hasira, wazee walikwenda kwa waganga wa mvua, na swali walilorudi nalo lilikuwa: tumekosa nini sisi kwa sisi? Nani amechafua nchi? Ni swali zuri kuliko la "imeandikwa wapi", maana linawarudisha watu kwa majirani zao. Wagombanao walipatanishwa, na mpaka wa nchi ukatiwa dawa na kubarikiwa. Natamani niishie hapo. Lakini mara nyingi jibu la swali hilo lilikuwa msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa, naye akafukuzwa avuke mpaka akajifungulie kwingine, ili mvua inyeshe. Msomaji wa maafa, wa jadi au wa daftari, akikazana sana kutafuta maana, mwisho hupata mtu wa kuilipia.

Na Hanang? Wataalamu wa serikali walisema hapakuwa na volkano wala tetemeko. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua nyingi za msimu ule, ikalegea, ikakatika, ikawa tope. Mlima huo ni volkano ya zamani, na zilizozaliwa na moto ule ule wa bonde la ufa ni Oldeani na Ngorongoro, ambazo majivu yao yaliyooza ndiyo udongo wa mashamba ya ngano na kahawa ya Karatu. Ukitaka kusoma tope la Katesh kama hukumu, itabidi uusome na mkate wa Karatu kwa kamusi hiyo hiyo. Hapo ndipo namba zinapokwama, kwa sababu neema haiachi tarehe. Hakuna anayejua siku ambayo udongo ulianza kuzaa.

Nilimpelekea mwalimu mambo haya yote, ya Langton na ya Gregori na ya zile sura 32. Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa mwalimu, anajua kusikiliza. Kisha akasema: "Nilijua karibu yote hayo. Ila nikiacha kuhesabu, itabidi nikubali kwamba ilitokea tu. Kwamba kijana alikuwa amelala, na tope likapita."

Sikuwa na jibu, na hata sasa sina la kumtosha. Nilichoelewa ni kwamba daftari lile halikuwa na kiburi cha kutaka kumtangulia Mungu. Lilikuwa kilio kilichopangwa kwa miraba. Wapo wanaohesabu ili watishe, na hao nawaogopa. Yeye alihesabu ili mtoto wa dada yake asife bure. Hata hivyo nilihisi, nikiwa nimekaa pale barazani, kwamba kadiri jumla zilivyozidi kutimia ndivyo yule kijana alivyozidi kuwa mbali. Alikuwa amegeuka mfano. Wino mwekundu ulikuwa umemfikia kabla ya machozi.

Kwa hiyo nikamfuata kwenye njia yake mwenyewe. Nikamwambia: mwalimu, tuseme jumla ni 13 na tuseme ni ishara. Tufungue basi, tusome hadi mwisho. Marko 13: aya moja tu kabla ya somo la Dominika ile inasema siku hiyo na saa hiyo hakuna aijuaye, hata malaika, hata Mwana. Na kwenye somo lenyewe, yule mwenye nyumba anaondoka akimwachia kila mtumishi kazi yake, na bawabu mlango wake. Hamwachii mtu yeyote hesabu. Na ile 19 ya Kagera? Eliya yuko Horebu, tetemeko linapita, na Maandiko yanasema wazi kwamba Bwana hakuwamo katika tetemeko. Namba zimetuleta hadi mlangoni pa sura zinazokataa namba. Mwalimu alicheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake tangu msiba.

Kisha, kwa jumla ile ile ya 13, tulifungua sura ya tatu, Luka 13. Watu wanamletea Yesu habari mbichi, za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakiwa katika sadaka zao, na yeye anaongeza nyingine: mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Anauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na anajijibu mwenyewe, la. Hapo ningependa kunyanyua mikono kwa ushindi, lakini sentensi haijaisha. Anawageukia waulizaji na kuwaambia watubu, wasije wakaangamia vivyo hivyo. Nimesoma mistari hiyo miaka mingi na bado inanikwaruza. Haelezi kwa nini mnara ulianguka. Hasemi ulikuwa na msingi mbovu, hasemi ulikuwa umetabiriwa. Anawaacha wale 18 na heshima yao, bila hatia ya ziada na bila fumbo, halafu anamtazama aliye hai aliyekuja na maelezo tayari mdomoni.

Kisha, pasipo kupumua, anaingia kwenye mfano. Mtu alipanda mtini katika shamba lake la mizabibu, miaka mitatu hauzai, anataka ukatwe. Mtunza shamba anaombea mwaka mmoja zaidi: ataupalilia, atautia samadi. Luka hakuandika mwenye shamba alijibu nini, wala kama mti ulizaa. Mwalimu aliona hilo mara moja na likamkera, kama linavyomkera mtu wa hesabu swali lisilo na jibu nyuma ya kitabu. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwenye samadi. Mtini uko katikati ya mizabibu, mkokoteni haupiti hapo bila kuharibu. Ilibidi mtu aisombe kutoka zizini, karai baada ya karai, akipita kwa uangalifu kati ya mistari, kwa ajili ya mti ambao hakuna aliyemwahidi chochote juu yake.